Kuzima simu za Wi-Fi kwenye simu janja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara kutoka kwa watu waliokuta alama ngeni juu ya kioo cha simu, au waliolalamikiwa na ndugu kwamba "nakupigia hupatikani" ilhali simu ilikuwa mkononi. Majibu yanahusu iPhone na Android. Menyu hubadilika kidogo toleo hadi toleo. Usipoliona neno lililotajwa hapa, andika "wifi calling" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio, na mara nyingi utafika moja kwa moja.

## Kwanza, ni kitu gani

Simu za Wi-Fi ni nini hasa?

Ni simu ya kawaida, kwa namba yako ya kawaida, ila sauti haiendi kwenye mnara. Inapita kwenye Wi-Fi uliyojiunga nayo, inaingia intaneti, inafika kwenye mitambo ya kampuni yako ya simu, na kuanzia hapo inaunganishwa kama simu nyingine yoyote. Unapiga kwa programu ileile ya simu na kwa orodha ileile ya majina. Unayempigia anaona namba yako ya siku zote na hana njia ya kujua kwamba umepitia ruta ya sebuleni.

Wakati mwingine utaiona ikiitwa VoWiFi. T-Mobile ya Marekani ilianza kuuza huduma ya namna hii mwaka 2007, lakini wakati huo ilihitaji simu maalumu. Wengi waliijua baada ya Apple kuiingiza kwenye iOS 8 mwaka 2014. Siku hizi hata simu za bei ya kati zinayo, na baadhi huja ikiwa imewashwa tayari, ndiyo maana watu wengi wanaitumia bila kujua.

Si ndiyo hiyohiyo simu ya WhatsApp?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Simu ya WhatsApp hutoka programu moja kwenda programu nyingine kupitia intaneti. Kampuni yako ya simu haina habari nayo zaidi ya kuhesabu data. Simu ya Wi-Fi inaendeshwa na kampuni yenyewe: inatumia laini, inahesabiwa kwenye dakika zako, na inaweza kumfikia mtu mwenye simu ya kitochi asiye na intaneti kabisa. Ukizima simu za Wi-Fi, WhatsApp, Telegram na Messenger zinaendelea kama zilivyokuwa.

Nitajuaje kama simu yangu inaitumia sasa hivi?

Tazama juu ya kioo. Kwenye iPhone, telezesha kidole kutoka kona ya juu kulia ufungue Kituo cha Udhibiti. Ikiwa inatumika, neno Wi-Fi huonekana pembeni mwa jina la kampuni. Kwenye Android nyingi kuna alama ya mkono wa simu wenye mawimbi ya Wi-Fi, na simu nyingine huandika VoWiFi.

Ukiona VoLTE badala yake, hiyo ni simu inayopita kwenye mnara wa 4G. Usiizime kwa kudhani ndiyo yenyewe. Utaihitaji, kama inavyoelezwa kwenye swali la simu zinazokatika getini.

## Nizime au niache?

Kwa nini mtu azime?

Sababu ya maana ni moja: Wi-Fi yako ni mbovu kuliko mnara ulio karibu. Simu nyingi zikishashika Wi-Fi huipa kipaumbele hata kama mtandao wa mnara umejaa, na hazina uwezo mzuri wa kupima kama Wi-Fi hiyo inafaa kwa maongezi. Ruta inaweza kuwa inashikwa vizuri lakini bando lake limeisha, au kuna watu sita wanaoangalia mpira kwa wakati mmoja. Simu yako inaona mawimbi yamejaa na inaendelea kupitisha sauti humo.

Wengine huzima kwa sababu ya gharama wakiwa nje ya nchi, na hao wana sehemu yao hapa chini. Wapo pia wanaozima kwa hofu ya kusikilizwa, na wanaozima kwa kuamini chaji itadumu. Sababu hizi mbili za mwisho, kwa maoni yangu, hazina uzito. Zimejibiwa mahali pake.

Nani asizime?

Mwenye nyumba ambayo mtandao haushiki ndani. Kuta nene za mawe kama za nyumba za zamani za Lamu au Mji Mkongwe, ofisi ya chini ya ardhi, ghorofa lenye vioo vinavyozuia mawimbi, kijiji kilicho nyuma ya mlima chenye intaneti ya setilaiti lakini hakina mnara: katika sehemu kama hizi Wi-Fi ndiyo inayokufanya upatikane. Ukizima, utabaki na vipau sifuri na lawama za watu.

Kama hujui uko upande gani, fanya jaribio rahisi. Zima Wi-Fi kabisa, kaa chumba unachokaa sana, kisha mpigie mtu muongee. Sauti ikiwa safi, mnara unakutosha na unaweza kuzima simu za Wi-Fi bila wasiwasi. Ikikatakata, iache.

Nikizima, intaneti ya Wi-Fi nayo itazimika?

Hapana. Utaendelea kuperuzi, kupakua na kuangalia video kwa Wi-Fi ileile. Kinachobadilika ni njia ya simu za kawaida, na katika mitandao mingine SMS za kawaida.

Hakuna njia ya katikati?

Ipo kwenye Android nyingi, na mara nyingi ndiyo bora. Ndani ya ukurasa wa Wi-Fi Calling huwa kuna chaguo la upendeleo: kutanguliza Wi-Fi, au kutanguliza mtandao wa simu. Chagua mtandao wa simu. Hapo simu itatumia mnara kila unaposhikika na kukimbilia Wi-Fi pale tu mnara unapokosekana. Baadhi ya simu zina chaguo la tatu, la Wi-Fi pekee. Hilo liepuke, maana ukitoka nje ya ruta hupatikani.

iPhone haina chaguo hilo kwa matumizi ya kawaida. Ni kuwasha au kuzima.

## Jinsi ya kuzima

Kwenye iPhone nafanyaje?

Fungua Settings, ingia Cellular (kwenye simu zilizopangwa kwa Kiingereza cha Uingereza utakuta Mobile Service au Mobile Data), gusa Wi-Fi Calling, kisha zima kitufe cha Wi-Fi Calling on This iPhone. Kama simu ina laini mbili, chagua kwanza laini unayotaka chini ya orodha ya SIM, halafu Wi-Fi Calling.

Njia nyingine ni kupitia mipangilio ya programu ya Phone. Zamani ilikuwa moja kwa moja ndani ya Settings. Tangu iOS 18 imehamishiwa chini ya Apps, ndiyo maana maelekezo mengi ya zamani hayaendani na unachokiona.

Kwenye Samsung?

Fungua programu ya kupigia simu, gusa nukta tatu za juu kulia, chagua Settings, tafuta Wi-Fi Calling, zima. Vilevile unaweza kupitia Settings kisha Connections. Baadhi ya Samsung zina kitufe chake kwenye paneli ya kushusha kutoka juu, palepale zilipo Bluetooth na tochi; hicho ni cha haraka zaidi, ila ndicho ambacho watoto hukigusa bila kujua.

Kwenye Tecno, Infinix na itel?

Hizi ndizo zilizojaa mitaani kwetu na ndizo zinazobadilika zaidi toleo hadi toleo. Anza na Settings, ingia sehemu ya mtandao wa simu au SIM, chagua laini, shuka mpaka uone Wi-Fi Calling au VoWiFi. Kama haipo hapo, fungua programu ya kupigia, ingia mipangilio yake ya simu. Kama bado, tumia kisanduku cha kutafutia.

Na Redmi, OPPO, Pixel na nyinginezo?

Redmi na Xiaomi: Settings, SIM cards & mobile networks, chagua laini, kisha zima Make calls using Wi-Fi. OPPO na realme: Settings, Mobile network, chagua laini, Wi-Fi Calling. Pixel: Settings, Network & internet, SIMs, chagua laini, Wi-Fi calling.

Nina laini mbili. Nikizima moja, nyingine nayo imezimika?

Hapana, kila laini ina kitufe chake. Umezima ya Airtel, ya Vodacom inabaki ilivyokuwa. Hili linafaa sana: iache iwake kwenye laini isiyoshika vizuri nyumbani, uizime kwenye ile yenye mnara karibu. Kabla ya kuzima zote mbili, soma kwanza swali la simu isiyoingia ukiwa unaongea, katika sehemu ya mwisho.

Sioni kitufe hicho popote.

Basi huenda huna cha kuzima. Kitufe huonekana pale tu simu, toleo la programu yake na kampuni ya laini vyote vinapokubaliana na huduma hii. Simu iliyoagizwa kutoka nchi nyingine inaweza kuwa na uwezo huo na bado isiuonyeshe kwa laini yako. Ukibadilisha laini, kitufe kinaweza kujitokeza au kutoweka.

Mtandaoni kuna namba za siri za kulazimisha kitufe kijitokeze. Kama lengo lako ni kuzima, huzihitaji.

Kitufe kipo lakini kimepauka, hakigusiki.

Mara nyingi uko katikati ya simu, kata kwanza. Kama sivyo, ondoa hali ya ndege, subiri laini ishike mtandao, ujaribu tena. Simu uliyopewa kazini inaweza kuwa imefungwa na ofisi, na hapo ni kuzungumza na mtu wa IT. Yakishindikana yote, washa upya simu. Kurejesha mipangilio ya mtandao iwe hatua ya mwisho kabisa, kwa sababu itafuta nywila zote za Wi-Fi ulizohifadhi.

Nilizima, kimejiwasha chenyewe.

Angalia mambo matatu: je, umesasisha programu ya simu, umehamisha laini kwenye tundu jingine, au umeweka laini mpya? Katika hali hizo simu inaweza kuchukua mipangilio ya kampuni upya na kurudisha kitufe kilivyokuwa mwanzo. Zima tena. Kikiendelea kurudi bila sababu, weka upendeleo wa mtandao wa simu badala ya kuzima. Huwa unashika zaidi.

## Salio, bando na chaji

Nikipiga kupitia Wi-Fi, natozwa salio?

Ndiyo, kama kawaida, isipokuwa kampuni yako iwe imesema vingine. Simu inahesabiwa kwenye dakika za kifurushi chako au inakatwa kwenye vocha, kwa kuwa kwa kampuni hiyo ni simu kama nyingine. Neno Wi-Fi linawafanya watu waamini ni bure. Ya bure ni ile ya WhatsApp, na hata hiyo ina data yake.

Inakula data kiasi gani?

Takriban MB 1 kwa dakika, mara nyingi pungufu. Saa nzima ya maongezi haivuki sana MB 60. Kwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo hutaona tofauti.

Lakini kuna mtego kwenye hotspoti. Ukijiunga na hotspoti ya rafiki na simu yako ikapitisha maongezi humo, unatumia dakika zako na bando lake kwa wakati mmoja. Simu moja inalipiwa mara mbili, tena na mnara uko palepale. Kwa anayeishi kwa hotspoti ya bando la siku, nashauri azime.

Kuzima kunaokoa chaji?

Kidogo sana au hakuna. Kinachomaliza chaji ni simu kuhangaika kutafuta mnara ulio mbali, na katika nyumba isiyoshika mtandao simu za Wi-Fi zinaweza hata kuipunguzia betri kazi. Kama chaji inaisha haraka, anza na mwanga wa kioo na programu zinazofanya kazi nyuma.

## Simu hazipatikani, zinakatika, SMS haziji

Watu wanasema sipatikani, na mimi naona mtandao umejaa. Kwa nini?

Hili ndilo swali lenye manung'uniko mengi kuliko yote, na jibu lake kwa kawaida ni ruta iliyo hai nusu. Simu yako ilishajiandikisha kwa kampuni kwamba inapatikana kupitia Wi-Fi. Kisha bando la ruta likaisha, au nyaya za mtoa huduma zikakatika barabarani. Wi-Fi bado inaonekana, simu bado imejiunga nayo, lakini nyuma ya ruta hakuna intaneti. Mpaka simu itambue kwamba njia imekufa na kurudi mnarani, kuna dakika kadhaa ambazo anayekupigia ataambiwa hupatikani. Wewe huoni missed call wala chochote.

Umeme ukikatika kabisa, hali huwa afadhali. Ruta inazima, Wi-Fi inatoweka, simu inarudi mnarani upesi. Tatizo kubwa ni pale ruta inapokuwa kwenye betri ya akiba huku vifaa vya mtoa huduma mtaani vimezimika.

Kama nyumbani kwako hili ni la kila wiki, na mnara unashika, zima simu za Wi-Fi. Kama mnara haushiki, tazama swali la njia ya katikati.

Simu inakatika kila nikitoka getini.

Unapotoka nje ya ruta, maongezi yanatakiwa kuhama kutoka Wi-Fi kwenda mnarani bila kukatika. Uhamisho huo hufanyika vizuri mnara ukiwa wa 4G na VoLTE ikiwa imewashwa. Pale ambapo nje ya nyumba kuna 3G au 2G pekee, au VoLTE imezimwa, simu hukatika na unalazimika kupiga upya.

Kwa hiyo, kabla ya kuzima simu za Wi-Fi, washa VoLTE na ujaribu kwa siku chache. Kama bado, na wewe ni mtu wa kuanza maongezi ndani na kuyamalizia kwenye bodaboda, zima.

Sauti inachelewa, au najisikia mwangwi wangu mwenyewe.

Ruta imelemewa, hasa kwa upande wa kupandisha data. Mtu mmoja anayepandisha video anatosha kuharibu simu ya kila aliye nyumbani. Sogea karibu na ruta, au tumia Wi-Fi ya GHz 5 kama uko chumba kimoja nayo. Kama huna subira, zima Wi-Fi kwa muda wa simu hiyo moja, kisha iwashe.

Menyu za M-Pesa na salio zinagoma. Simu za Wi-Fi zinahusika?

Zinaweza kuhusika. Menyu za nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa Tanzania au *334# ya Kenya, zimejengwa kupita kwenye mnara, na mitandao mingi haizipitishi kwenye Wi-Fi. Ukiwa umeweka hali ya ndege na kuwasha Wi-Fi peke yake, simu zitaingia, lakini menyu zinaweza kukujibu "Connection problem or invalid MMI code". Toa hali ya ndege kwanza. Laini ikishika mnara na menyu bado zikagoma, zima simu za Wi-Fi ujaribu tena.

Programu ya M-Pesa yenyewe, ile unayofungua kama programu nyingine, inatumia intaneti na haiguswi na jambo hili.

SMS za kuthibitisha za benki haziji.

Katika mitandao mingine SMS nazo hupita njia ya Wi-Fi, na zile zinazotumwa na namba fupi au majina ya benki ndizo zinazopotea kwa urahisi. Zima simu za Wi-Fi, subiri laini ishike mnara, kisha omba msimbo mpya. Ule wa zamani ukija kwa kuchelewa utakuwa umeshakufa. Msimbo huo usimpe mtu anayejifanya wa huduma kwa wateja na kusema anakusaidia "kurekebisha Wi-Fi". Kuzima simu za Wi-Fi hakuhitaji msimbo wowote.

## Safarini na ughaibuni

Nina laini ya Marekani au Uingereza na niko likizo Mombasa. Nizime?

Inategemea unampigia nani. Kampuni inayoruhusu simu za Wi-Fi nje ya nchi hukuchukulia kana kwamba uko nyumbani. Kampuni kubwa za Marekani, kwa mfano, huhesabu simu ya kupitia Wi-Fi kwenda namba ya Marekani kama ya ndani hata ukiwa Nyali. Hapo simu za Wi-Fi zinakuokolea pesa, ziache.

Kibao kinageuka ukimpigia shangazi aliye mtaa wa pili kwa laini hiyohiyo. Kwa kampuni yako, hiyo ni simu kutoka Marekani kwenda Kenya, na bei yake ni ya kimataifa. Kwa simu za hapa nunua laini ya hapa. Makampuni mengine huzuia kabisa simu za Wi-Fi ukiwa nje ya nchi, kwa hiyo soma masharti ya kifurushi chako kabla ya kupanda ndege.

Nimeanza maongezi kwenye Wi-Fi ya hoteli, nikatoka nje. Nani analipa?

Wewe, na kwa bei ya roaming, yaani ya kutumia laini yako ugenini, kama simu ilifanikiwa kuhama kwenda kwenye mnara wa ugenini. Ulinzi wake ni rahisi: weka hali ya ndege, kisha washa Wi-Fi peke yake. Simu za Wi-Fi zinaendelea kufanya kazi ndani ya hali ya ndege, na ukitoka nje maongezi yanakatika tu badala ya kukuletea bili.

Nasafiri kwenda nje na laini ya nyumbani. Nizime?

Kama kampuni yako ya nyumbani inaruhusu, iache iwake, maana unaweza kupokea simu kupitia Wi-Fi bila gharama za kupokelea ugenini. Kama hairuhusu, kuiacha au kuizima ni sawa. Uliza kabla ya kuondoka. Ukishafika, hata kuwapigia huduma kwa wateja kunaweza kuwa roaming.

Nikizima, simu za dharura zitafanya kazi?

Zitafanya kazi mahali popote ambapo mnara unashika. Ukipiga 112 Tanzania, 999 au 112 Kenya, simu hutanguliza mnara. Hatari ni kwa anayekaa mahali pasipo na mnara kabisa: kwake kuzima simu za Wi-Fi ni kufunga njia pekee ya kuomba msaada kwa namba ya dharura.

Walioko Marekani wana jambo la ziada. Simu ya 911 inayopita Wi-Fi hutegemea anwani uliyosajili ulipowasha huduma. Ukihama nyumba na usiibadilishe, msaada unaweza kupelekwa kwenye nyumba ya zamani. Ibadilishe ndani ya ukurasa wa Wi-Fi Calling, hata kama hupendi kujaza fomu. Na kwa kuwa mitandao mikubwa ya nchi hiyo ilizima 3G mwaka 2022, usipofikiwa na 4G au 5G ndani ya nyumba, fikiri mara mbili kabla ya kuzima.

## Mambo ya pembeni

Nikiwa naongea kwa laini moja ya iPhone, laini ya pili haipatikani. Ni kwa sababu nilizima?

Yawezekana kabisa. Ukiwa na laini mbili, simu inayoendelea kwenye laini moja inaweza kuifunga nyingine. Simu za Wi-Fi zikiwa zimewashwa kwenye laini ya pili, na kampuni yake inaziruhusu, laini hiyo hupata njia ya kupokea simu kupitia intaneti. Mfanyabiashara anayetangaza namba mbili asizime bila kujua hili.

iPad yangu inaita kila nikipigiwa. Nizime simu za Wi-Fi?

Hicho ni kitu kingine. Ingia kwenye mipangilio ya Phone ndani ya iPhone, tafuta Calls on Other Devices, uzime kifaa usichotaka kiite. Simu za Wi-Fi ziache zilivyo.

Mwenye Wi-Fi anaweza kunisikiliza?

Sauti hufungwa kati ya simu yako na kampuni ya simu kwa njia isiyosomeka katikati. Mwenye mgahawa anaweza kuona kwamba kifaa fulani kinawasiliana na mitambo ya kampuni ya simu, lakini hasikii maongezi. Kampuni yenyewe ina uwezo uleule iliokuwa nao ukipitia mnara. Kwa usiri, kuzima hakuongezi kitu.

Wi-Fi ya chuoni inafanya kila kitu ila simu za Wi-Fi tu.

Wasimamizi wa mtandao huo wamefunga milango ya mtandao (ports) ambayo huduma hii huitumia, kwa kawaida ile iitwayo UDP 500 na 4500. Simu itarudi mnarani yenyewe, kwa hiyo huna haja ya kuzima. Ukiwa unatumia VPN, ifunge kwanza kabla ya kuwalaumu.

Mama yuko kijijini na simu yake inasumbua. Naweza kumzimia kutoka huku?

Kwa mbali, hapana, isipokuwa simu yake iwe na programu ya usaidizi uliyoiweka mapema. Njia nyepesi ni kumwambia azime Wi-Fi yenyewe, kitu ambacho wengi wanakijua, halafu mpigie kwa simu ya kawaida. Mkisikilizana vizuri, umeshajua tatizo liko wapi, na mjukuu akirudi kutoka shule atafuata hatua za simu husika hapo juu. Kama hata hapo hapatikani, hakuna kitufe kitakachosaidia; mnara wake ndio wenye tatizo, na aendelee kutumia Wi-Fi.